Mtaalamu wa Ghala Nimeishiwa Wali

Ndugu zangu, leo nimetamani ardhi ipasuke nijifiche!

Tulikuwa tunasherehekea cheti changu cha juu cha usimamizi wa uzalishaji na ghala, hapa Makanya.

Asubuhi mke wangu alisema, "Tuongeze wali, wageni watazidi."

Nikamjibu, "Wali unatosha, Mama Nakijwa, hayo ndiyo niliyosomea."

Mchana meneja wa shamba la mkonge, mgeni wetu, akasimama kunipongeza. "Ndugu huyu hataacha ghala lolote liishiwe!"

Makofi.

Papo hapo akaingia mama mkwe, kashuka mlimani kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

Nikaenda kumpakulia wali: sufuria tupu! Mke wangu alinitazama.

Mama mkwe akaenda jikoni, akaanza kumenya ndizi alizotuletea zawadi.

Jamani, ningeuweka wapi uso wangu?