Njia ya Kufika kwa Nzioka

Siku Ndila alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, gari lilifika upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Gedion, dereva wa teksi wa pale sokoni Kwa Vonza, aliacha abiria wake hotelini akiwa bado anakunywa chai na kuja mbio. Lakini alipofika kwenye ukuta wa hosteli ilimbidi asimame. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Ndila na mumewe Nzioka ni kama hatua mia mbili, na hatua zote hizo ni kichochoro: ukuta wa mawe mkono wa kushoto, ua wa minyaa mkono wa kulia, na katikati nafasi ya mtu mmoja na mbuzi wake.

"Mzee, gari haiwezi ingia," Gedion alisema.

"Najua," Nzioka akajibu.

Waliung'oa mlango wa ghala kwenye bawaba zake, wakautandika godoro, wakamlaza Ndila juu yake. Wanafunzi watatu waliokuwa wakifua nguo hosteli waliacha mabeseni wakaja kusaidia. Kichochoroni mlango ulikuwa mpana kupita njia, ikabidi wauinamishe upande mmoja, na Ndila akashika shati la mumewe kwa nguvu asiporomoke. Hakulia. Walipomwingiza garini alimtazama mumewe akasema kwa sauti ya chini, "Baba Kivuva, na wewe ulichonga barabara za watu wote."

Na ilikuwa kweli. Nzioka alikuwa ameendesha greda ya serikali miaka thelathini na mmoja. Njia nyingi za vumbi zinazotoka Kwa Vonza kwenda vijijini zilipitiwa kwanza na bledi yake. Alijua udongo unaokubali na udongo unaogoma. Alijua barabara lazima iwe na mgongo katikati ili mvua iteremke kandoni, na angeweza kukuonyesha, hata leo, ni wapi aliinua mgongo huo mwaka gani. Watu walimheshimu. Alipopita na mashine ile ya manjano, kina mama walitoka majumbani kumsihi asogee kidogo huku au kule, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye kauli.

Wakati huo, mahali anapoishi palikuwa miiba na mbuzi. Gari lilipita popote. Mara nyingine alikuja na greda yenyewe kula chakula cha mchana, akaiegesha mbele ya nyumba, majirani wakasikia injini ikipoa.

Kisha lami ikaja. Chuo kikuu cha pale karibu nacho kikawa kinapokea wanafunzi wengi zaidi kila mwaka, na wanafunzi wanahitaji mahali pa kulala. Mashamba yakakatwa ploti. Palipokuwa na miiba pakaota hosteli za ghorofa tatu, vibanda vya chapati, kinyozi, duka la kuchapisha karatasi. Nzioka alikuwa amestaafu, na yeye pia aliuza. Alimuuzia Abdulmalik, mfanyabiashara wa Kitui mjini, kipande chote cha mbele, kile kilichogusa barabara. Savea alipokuja kupima alimuuliza, "Mzee, tukuachie njia ya mita ngapi?"

Nzioka alicheka. "Njia ya nini? Mimi ndiye njia."

Hakutaka hata mita moja ipunguzwe kwenye alichokuwa akiuza, na hakuamini kwamba mtu kama yeye angeweza kukosa pa kupita. Abdulmalik akajenga hadi kwenye jiwe la mwisho la mpaka, kama ilivyokuwa haki yake. Kwa miaka miwili magari yaliyokwenda kwa Nzioka yalikanyaga ukingo wa shamba la jirani wa upande wa pili, bibi mzee aitwaye Kasiva. Pikipiki nazo zikafuata. Mwishowe wana wa Kasiva wakapanda minyaa kwenye mpaka, na minyaa haichelewi kukua.

Ndila alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri. Daktari akasema itachukua miezi kadhaa kabla ya kutembea bila kushikwa. Mwana wao wa kwanza, Kivuva, alimchukua akamweka nyumbani kwake mjini Sultan Hamud, ambako ana duka la vipuri karibu na barabara kuu. Nzioka alikwenda kumwona kila wiki. Malori ya Mombasa yalikuwa yakipita hapo mfululizo, na vikombe vilikuwa vikitetemeka mezani.

"Utarudi lini nyumbani?" alimuuliza siku moja.

Ndila alikuwa akimenya viazi akiwa ameketi. "Siku gari itafika mlangoni."

"Tunaweza kukubeba vizuri. Nitatafuta machela."

"Baba Kivuva, mtu hubebwa juu ya mlango mara moja. Mara ya pili ni maiti. Mimi si maiti." Akaendelea kumenya viazi vyake.

Nzioka aliporudi alianzia pale palipokuwa rahisi. Alimpata Abdulmalik hosteli, akikagua mabomba na fundi. Walisalimiana vyema; hawakuwahi kukosana. Nzioka alieleza shida yake.

"Mzee wangu," Abdulmalik alisema, "ukuta uko pale ulipouza mwenyewe. Na nyuma yake ni shimo la maji machafu. Nikiusogeza, nimeharibu nyumba nzima." Alifikiri kidogo. "Ile kona ya mbele ninaweza kuikata, gari lipate kupinda. Hilo nitafanya kwa ajili ya Mama. Lakini urefu wote ule, njia itatoka upande wa pili tu. Bibi Kasiva umemuuliza?"

Nzioka alitazama ua wa minyaa. Alishukuru, akaondoka.

Alikuwa na sababu ya kutomuuliza. Zamani, yapata miaka thelathini sasa, alitumwa kunyoosha barabara iliyopita upande wa juu wa shamba la Kasiva. Palikuwa na kona mbaya, na njia fupi ya kuiondoa ilikuwa kukata pembe ya shamba lile. Pembe hiyo ilikuwa na matuta matatu ya kuzuia maji, yaliyochimbwa kwa jembe na kina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana mashambani, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mbaazi zilikuwa zimebeba. Kasiva alitoka akasimama mbele ya greda, akasema maneno. Nzioka aliona midomo yake ikienda. Angeweza kuzima injini asikilize. Badala yake alikanyaga mafuta, mashine ikanguruma, yule mama akasogea kando. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita. Katika miaka yote waliyoishi majirani baada ya hapo, Kasiva hakuwahi kulitaja jambo hilo, na Nzioka alijiambia kwamba amelisahau.

Ilimchukua siku nne kupata miguu ya kwenda. Alimkuta Kasiva barazani akipepeta ndengu. Sasa alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, macho yakiwa bado makali.

"Mwaitu," Nzioka alisema, akimwita mama kama Wakamba wanavyomwita mwanamke wa rika hilo, "nimekuja na ombi."

"Kaa. Ndila anaendeleaje?"

"Anaendelea. Ni kwa sababu yake nimekuja." Akaeleza: upana wa mita tatu kando ya ukuta wa hosteli, kutoka barabarani hadi kwake. Yeye angempa Kasiva kipande sawa na hicho upande wa nyuma, palipo na udongo mweusi.

Kasiva aliweka ungo chini. "Nifuate."

Alitembea polepole na mkongojo wake mpaka juu ya shamba. Pale barabara ilipokata pembe, palikuwa na korongo. Lilianza jembamba kama mfereji, likateremka likipanuka, na mahali pengine mtu angeweza kuingia asionekane kichwa. Lilikuwa limemeza karibu robo ya shamba. Nzioka alikuwa akilipita kwa mbali mwaka baada ya mwaka, na hakuwahi kusimama kwenye ukingo wake.

"Siku ile unajua nilikuwa nakuambia nini?" Kasiva aliuliza.

"Hapana, Mwaitu. Sikusikia."

"Sikuwa nakataa barabara. Nilikuwa nakuuliza, haya maji ya barabara yataenda wapi. Hiyo tu. Matuta umeyatoa, sasa maji yataenda wapi." Akaelekeza mkongojo chini. "Yalikuja hapa."

Nzioka alitazama lile korongo, na ufundi wake wote ukamwonyesha jambo alilolikwepa. Mfereji mmoja wa pembeni, kazi ya saa moja kwa greda, ungetosha kuyapeleka maji bondeni. Alikuwa na saa hiyo. Alikuwa na njaa siku ile, akataka kuwahi chakula.

"Nilifanya vibaya," alisema. "Niliona kwamba unasema, nikaongeza mafuta makusudi. Nisamehe."

Kasiva aliegemea mkongojo wake. Upepo ulipeperusha vumbi la barabarani likawapitia. "Mambo ya njia yako tutaongea," alisema mwishowe. "Kwanza maji."

Kesho yake Nzioka alianza. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kazi ya jembe si kazi ya kukaa kwenye kiti cha mashine. Alianzia juu, kama inavyopasa, akachimba mfereji kando ya barabara, akipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji. Kisha akashuka korongoni akaanza kupanga mawe, kizuizi baada ya kizuizi, kila kimoja kikipungua kimo katikati ili maji yapite bila kuchimba kando. Mgongo ulimuuma. Wiki ya kwanza alifanya kazi peke yake. Wiki ya pili Gedion alileta mawe kwa gari la binamu yake. Baadaye Abdulmalik mwenyewe alikuja kuangalia, akasimama, akatazama paa la hosteli yake, akagundua kwamba maji yote ya paa lile huishia kwa Kasiva. Hakuna aliyemwambia kitu. Baada ya siku chache mafundi walikuja wakaweka mifereji ya bati na tangi kubwa.

Kila siku saa nne Kasiva alishuka na birika la uji. Alimkosoa. "Lile jiwe halijakaa." Nzioka alilitoa akalipanga upya. Siku nyingine walizungumza habari za watu waliokufa, na nani aliuza wapi, na jinsi ambavyo sasa mtu hawezi kutofautisha vijana wanaopita, huyu ni wa nani.

Kufikia Septemba korongo lilikuwa na vizuizi kumi na moja, na mkonge ukiwa umepandwa kingoni. Ndipo Kasiva aliwaita wanawe na kuwaambia ametoa njia. Mkubwa wao hakupenda. Alisema mita tatu kando ya hosteli si kitu cha kugawa kama mboga. "Shamba ni la nani?" Kasiva akamuuliza, na hakurudia. Savea alikuja, mwanamke kijana aitwaye Kanyiva, akachomeka mawe ya mpaka, na safari hii njia ikaandikwa kwenye ramani. Nzioka alitia sahihi kwanza kwenye kipande alichokitoa yeye. Kisha minyaa ikakatwa, utomvu wake mweupe ukichirizika, na kona ya ukuta ikabomolewa.

Njia yenyewe aliitengeneza kwa sepetu. Aliinua mgongo katikati, akaacha mfereji kila upande, na mfereji wa upande wa Kasiva akauchimba kwa kina zaidi.

Ndila alirudi siku ya Jumamosi. Gedion aliendesha polepole sana, vioo viko wazi, na matawi hayakugusa gari. Alisimama mlangoni kabisa. Ndila alishuka mwenyewe akiwa na fremu yake ya kutembelea, akatazama nyuma alikotoka, kisha akatazama mikono ya mumewe, iliyokuwa imechubuka na kuota sugu kama ya mchimba visima.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo."

Akaingia ndani kuona kama jiko lake limeharibiwa.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu mwaka huo. Kizuizi kimoja kilibomoka, cha tatu kutoka juu, na Nzioka alikirudishia asubuhi yake. Vingine vilishika, na nyuma ya kila kimoja mchanga ukaanza kujaa. Kasiva alipanda kunde kwenye mchanga huo kabla hata haujatulia.

Lakini barabara ikishafunguliwa haina mwenyewe. Haukupita mwezi kabla pikipiki hazijaanza kuitumia kama njia ya mkato kwenda chuoni. Mtu akaweka kibanda cha mayai mdomoni mwa njia. Madalali wawili walimfuata Kasiva, kwa nyakati tofauti, wakimwambia kwamba shamba lililo na njia lina wateja, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa amenuna, sasa alikuwa mchangamfu. Nzioka alisikia habari hizo zikamkaa kifuani. Aliwaza kwamba labda amemtendea yule mama jambo baya la pili, ingawa safari hii kwa kuomba radhi na kwa mawe yaliyopangwa vizuri.

Alimwambia Ndila. Ndila akasema, "Kamuulize yeye. Hii kukisia kwako ndiyo ilileta korongo." Kisha akasema angependa kwenda pia, na kwa miguu.

Walienda kwa mwendo wa fremu, wakipumzika mara nne, na pikipiki ziliwapisha. Kasiva alikuwa palepale barazani. Alimshika Ndila mikono yote miwili, akamkalisha, akamuuliza habari za mfupa. Nzioka alingoja mpaka chai ikamiminwa.

"Mwaitu, nasikia wanataka kununua."

"Wanataka."

"Na wewe?"

Kasiva alipuliza chai yake. "Mimi nitakufa, Nzioka, na hawa watauza. Hiyo naijua tangu lami ifike. Lakini nimewaambia wale watu, anayenunua anunue na yale mawe ya korongoni. Savea ameandika. Hakuna kuyatoa, hata akijenga ghorofa kumi." Akamgeukia Ndila. "Bwana yako anajua kupanga mawe. Ila lazima usimame hapo umwangalie."

"Hata mimi namjua," Ndila akasema, na akanyoosha kikombe aongezewe.