Swali Ambalo Mama Hakuuliza

Katika mahakama ya Kitui, baba mkubwa alikula kiapo akasema shamba letu la Matinyani ni lake, kwamba alikuwa amempa marehemu baba alime kwa muda tu. Uongo huo aliusema kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Hakimu akamwuliza mama kwa Kiingereza kama ana swali kwa shahidi. Karani akatafsiri kwa Kiswahili safi, na mama alielewa kila neno. Lakini kwetu Ukambani mwanamke hamhoji kaka mkubwa wa mumewe mbele ya watu. Huyo huhesabiwa kama baba mkwe, na mkwe hata machoni hatazamwi. Mama aliinamisha kichwa, akasema hana swali.

Hakimu aliandika, akafunua ukurasa mwingine. Lugha mbili zote hizo, na hakuna hata moja iliyomwambia mama kwamba pale ndani anayenyamaza amekubali.

Tulipotoka, baba mkubwa alikuwa akitungoja langoni. Alimsalimia mama kwa adabu, kisha akauliza tungependa kaburi la baba lihamishiwe wapi.