Mshono Ulioachiwa

Fundi hukata nguo akiwa amekikunja kitambaa katikati. Upande wa kulia hulala juu ya wa kushoto, mkasi hupita mara moja, na ukikikunjua pande zote mbili zinalingana. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyokata tangu alipoweka cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukiwa wazi kuelekea barabarani.

Sare zote za shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara hutoka humo. Timu ya wasichana ya mpira wa pete ilipoamua kucheza ikiwa imevaa rangi ya waridi, ili watu wa mtaani wachangie uchunguzi wa saratani ya matiti, hakuna aliyeuliza nani atashona. Mwalimu wa michezo alikuja na jora begani, wachezaji wakimfuata.

"Kikibaki kipande, fundi, jishonee na wewe," alisema mwalimu.

"Mimi na rangi hii? Si nitafanana na keki ya harusi!"

Wasichana walicheka, wote isipokuwa mlinzi wa goli, msichana mrefu ambaye wenzake humwita Ukuta. Mama yake, mdogo wake fundi, alikufa kwa ugonjwa huo. Tangu hapo msichana anaishi na fundi, Mama Mkubwa wake, na jioni humsaidia kufumua mishono na kupiga pasi. Wazo la mechi lilikuwa lake. Yeye na wenzake walipita nyumba kwa nyumba baada ya masomo. Kinyozi aliahidi viti, muuza redio akatoa spika, na hospitali ikakubali kuleta muuguzi na hema la kuwachunguza wanawake papo hapo uwanjani.

Asubuhi ya mechi, Ukuta alikuwa akipiga pasi gauni la Mama Mkubwa. Aliligeuza ndani nje, kama alivyofundishwa, akaona mshono wa ubavuni umeachiwa ili nguo ipanuke. Pale ulipopita zamani palibaki matundu madogo ya sindano, yamejipanga kwenye kitambaa. Ajabu ni kwamba yalikuwa upande wa kushoto peke yake. Mtu akinenepa, nguo huachiwa pande zote.

Alifungua kabati akageuza gauni lingine, na lingine tena. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Akamaliza kupiga pasi, akaenda uwanjani.

Fundi alikuwa amehisi uvimbe kwenye titi la kushoto tangu wakati wa mvua. Alikuwa amemuuguza mdogo wake mpaka mwisho, kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kadiri titi lilivyozidi kuvimba, ndivyo alivyozidi kuachia mshono. Alishajipangia: mtoto amalize mtihani wa mwisho kwanza. Ameshamzika mama mmoja, asikae kwenye chumba cha mtihani akimwaza wa pili.

Uwanjani alipewa meza karibu na mstari, ashone sare zitakazochanika. Wanawake walikuwa wakiingia hemani mmoja mmoja.

"Fundi, wewe huji?" jirani mmoja alimuuliza.

"Tangulieni. Mimi nina vifungo vya watu hapa."

Wakati wa mapumziko Ukuta alikuja, akavua kitambaa cha kifuani chenye herufi za nafasi yake, akakiweka mezani.

"Kimechanika wapi?"

"Hakijachanika. Mama Mkubwa, ingia hemani."

"Baadaye. Foleni ndefu."

"Foleni imeisha."

"We mtoto, rudi kwa wenzako. Mnaongoza kwa goli moja tu."

"Nimeyageuza magauni yako."

Fundi alikuwa na uzi mdomoni. Aliutoa taratibu.

"Yote?"

"Yote. Hata lile la kutokea."

"Nilitaka umalize mtihani, mwanangu."

"Mama naye alisema hivyo hivyo. Alitaka nimalize shule ya msingi kwanza, ndiyo aende hospitali. Nikamaliza. Na yeye hakuwepo."

Filimbi ililia. "Ukuta!" mwalimu alipaza sauti. "Unasubiri kadi ya mwaliko?"

"Sirudi mpaka uingie," msichana alimwambia fundi. Hakupandisha sauti.

Wenzake walianza bila yeye. Goli la kusawazisha liliingia, na watazamaji wakaanza kunung'unika. Fundi alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akasimama.

"Kichwa kigumu kama mama yako," alisema, akaelekea hemani.

Ukuta alisubiri pazia la hema lifungwe, kisha akavaa kitambaa chake na kukimbilia uwanjani. Timu ilifungwa. Mfungaji wao alimnunia wiki nzima, mpaka aliposikia habari za fundi, akaja nyumbani na ndizi.

Fundi alikaa hemani muda mrefu kuliko mwanamke yeyote siku ile. Muuguzi alitoka naye amemshika mkono. Michango ya mtaa ililipia uchunguzi wake hospitalini, na titi likaondolewa. Ukuta alifanya mtihani wake akijua kila kitu. Madaktari hawajasema fundi amepona. Wamesema aendelee kurudi, naye anarudi.

Cherehani ilikaa kimya kwa muda mrefu. Alipopata nguvu ya kusimama, fundi alitungua ukutani karatasi ya zamani ya vipimo aliyokuwa akikatia nguo zake mwenyewe, akaitupa. Kwa mara ya kwanza alimwachia msichana utepe wa kupimia, akanyanyua mikono apimwe, ule wa kushoto kwa shida.

Kipande cha waridi kilichobaki kilikuwa mezani. Ukuta alikinyoosha, na kwa mazoea akakikunja katikati.

"Kikunjue," fundi alisema. "Sasa kila upande utaukata peke yake."

Msichana alikikunjua. Alianza na upande wa kushoto.