Pini ya Saba

Juzi alasiri nilimsindikiza mpwa wangu kwa fundi, Mji wa Kale, kujaribu gauni lake la harusi. Fundi, mama wa makamo, alibana pini saba midomoni, akawa anachomoa moja moja na kukunja upindo. Mpwa wangu akaropoka jambo juu ya mamake mchumba wake, sote tukaangua kicheko. Fundi naye akacheka.

Ghafla kicheko kikamkatika. Akatema pini kiganjani: tatu. Kwenye upindo, tatu. Jasho likamtoka, hata mate hakuthubutu kumeza.

Tulipapasa mkeka wote. Hakuna.

“Sindano ina uzi,” alinong’ona, “ikizama waivuta. Hii nikiwa nimeimeza, nitaivuta kwa kipi?”

Nilimtazama koo, na hapo nikaiona, imenasa kwenye mtandio wake chini ya kidevu.

“Alhamdulillahi!” Akakaa kitako, akalia kidogo. Kisha akazifuta pini zake nne kwa kanga, akazirudisha midomoni.

Sasa nikimkuta fundi yeyote ana pini mdomoni, mimi mzaliwa wa Mombasa, tusiopita mtu kimya, hata salamu simpi. Naogopa ataitikia.