Siku Nilipombonyeza Mguu Baba Yake Paskalina

Jamani, najua nikimaliza kusimulia mtaniita mjinga, na mimi sitabisha, tena niiteni sasa hivi tumalize, halafu mnisikilize vizuri.

Ilikuwa siku ya kwenda kumchumbia Paskalina, kwao Balangdalalu. Sisi tunatoka Gendabi. Mshenga alikuwa baba mdogo, na mama alikuwa ametengeneza pombe ya asali kibuyu kizima (asali yenyewe tuliitafuta miezi mitatu, mwaka huo nyuki waligoma), maana kwetu ukipeleka ile pombe na baba wa binti akainywa, basi mambo yamekwenda, na asipoinywa mnarudi kwenu mnaangalia chini. Njiani baba mdogo aliniambia mara tatu kwamba leo mimi ni kama jembe jipya, naletwa nionekane, siongei. Nikamwambia sawa baba. Na nilikuwa na nia kabisa.

Tukafika, tukawapa wakubwa wote shikamoo, tukakaa kwenye vigoda, kibuyu kikawekwa katikati. Lakini mzee, baba yake Paskalina, alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kinamgonga tangu juzi, vidonge vya dukani amemeza havisaidii, kwa hiyo tumsamehe, leo hawezi kunywa wala kusikiliza maneno marefu, tuje siku nyingine.

Siku nyingine? Kuna jamaa wa Katesh ana pikipiki, naye alikuwa anapita pale kila mnada kusalimia, na mimi sina hata baiskeli. Nikaona hiyo siku nyingine itanikuta Paskalina ameshapakiwa.

Sasa wiki moja nyuma nilikuwa nimeona kwenye simu Mchina mmoja anafundisha, kwamba juu ya mguu, katikati ya kidole gumba na kidole cha pili, ukipandisha mkono kidogo unakuta kibonde, wenyewe wanapaita Taichong, wanapachoma sindano, na kama huna sindano unabonyeza tu kwa kidole, kichwa kinatulia. Aliyekuwa anatafsiri akasema mgonjwa akisikia maumivu ujue hapo ndipo penyewe. Nilishamjaribu bibi, akalala palepale (sawa, bibi huwa analala hata ukiwa unamsalimia, lakini mimi nilihesabu amepona).

Basi jembe likafungua mdomo.

"Mzee," nikasema, "naomba mguu."

Baba mdogo akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kuumwa. Mzee akaniangalia muda mrefu, nafikiri kichwa kilikuwa kimemshinda kweli, akavua kiatu cha tairi akanyoosha mguu wa kushoto. Nikapiga magoti. Niliona umevimba kidogo, nikajua ndiyo miguu ya wazee. Nikatafuta kibonde, nikakipata, nikabonyeza.

"Unasikia maumivu, mzee?"

"Kidogo."

Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu hana ruhusa ya kukosea hapo, kwa sababu mzee wa kwetu hata simba awe amemshika paja, mbele ya wageni atakwambia kidogo. Lakini mimi nikafurahi. Nikaongeza kidole gumba cha pili. Mzee akakaza macho kuangalia mlima Hanang kama anaudai, jasho likaanza kutoka kwenye paji la uso, na mimi, darasa la saba nimemaliza kwa kusukumwa, nikawageukia watu nikawaeleza kama daktari kwamba ile ndiyo homa ya kichwa inatoka. Mama yake Paskalina alisimama mlangoni anataka kusema kitu, nikamwinulia mkono asubiri kwanza. Mama mkwe mtarajiwa, nikamwinulia mkono. Halafu nikaegemea na uzito wote.

Mguu ukaruka wenyewe. Ulinipata kifuani, nikaenda kinyumenyume, nikakalia kibuyu, na kibuyu kikapasuka. Pombe yote ikanywewa na suruali yangu na vumbi. Mbuzi wakaja kulamba. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, maana mimi nimezoea kuchekwa.

Ndipo yule mama akapata nafasi ya kusema alichotaka kusema, kwamba mguu huo dume lilimkanyaga Jumapili kule kwenye josho, wakati wanaogesha ng'ombe.

Tukaaga. Mzee alikuwa ameshika mguu sasa, kichwa amekiacha. Kurudi Gendabi baba mdogo alitembea hatua ishirini mbele yangu, hataki tuonekane pamoja, na mimi nyuma nanata, nzi wananisindikiza, naapa kila nikivuka korongo kwamba mguu wa mtu sitaugusa tena, hata wa kuku mezani.

Siku ya tatu Paskalina akapiga simu. Nikapokea, nikaanza kuomba msamaha kabla hajasalimia, akaniambia ninyamaze, angalau leo.

"Baba anasema kichwa kimepona kabisa," akasema. "Mguu ndio hakanyagi. Mtafute asali nyingine mje, atakunywa. Ila siku hiyo wewe utakaa nje na ndama, na mikono uwe umeikalia."