Kidole cha Shemeji

Macho hayana pazia, na mdogo mtu humtazama shemeji yake, mchumba wa dada, akicheza kwenye kompyuta ule mchezo wa mapanga na uchawi uliotokana na mchezo wa mezani. Hata dadu zinaviringika kwenye kioo. Kabla ya kusema na yeyote mle, kidole chake kirefu hubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mlinzi wa lango asipouamini uongo wake, hurudi pale pale alipohifadhi, akachagua mwingine, akiusoma kwa sauti ya asali, mpaka lango lifunguke.

"Mezani dadu ukirusha umerusha, shemeji," mdogo mtu alimwambia. "Ndiyo maana sichezi mezani," shemeji mtu akacheka. Jana alichelewa kuja kwa dada, akasingizia pancha; dada akanuna. Leo dada alipoingia, kile kidole kiligonga meza mara moja, kama kinabonyeza kitufe. "Mpenzi, jana mama alizidiwa," akasema kwa ile sauti ya asali. "Kumbe! Pole, jamani," dada akasema, akamfungulia mikono.