Sakafu ya Mama Mkwe

Lwamba, fundi seremala jirani yangu hapa Kasongo, anajisifia kazi yake mpaka anachosha. Ukikalia kiti chake tu, atakuuliza kama umekiona. Lakini kwa mama mkwe wake, Mama Falonne, ulimi unamkwama. Kwa heshima ya ukwe hathubutu kumkemea, wala kukanyaga chumba anacholala.

Mama huyo alikuja kwa pikipiki kutoka Kabambare, alikokuwa amebaki peke yake, magoti yakimuuma. Séraphine, mke wa Lwamba, alitaka mama yake abaki nao moja kwa moja. Kabla hajafika, Lwamba alimtandikia chumba sakafu ya mbao ili miguu isipate baridi ya ardhi. Alitandaza plastiki juu ya udongo kuzuia unyevu, akainua mbao juu ya maboriti, akaacha matundu chini ya ukuta ili upepo upite. Mtaa mzima tulielezwa.

Haukupita muda, mbao zikavimba na kuinuka. Mama Falonne akajikwaa.

"Séraphine, hii nyumba inanikatala," alisema. "Munitafutie pikipiki, nirudie kwangu."

Séraphine alilia jikoni.

Asubuhi, kwa kuwa chumbani haingii, Lwamba alilala kifudifudi nje na kuchungulia tunduni. Nilimcheka, nikidhani anawinda panya. Kumbe maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu, na ile plastiki yake iliyakinga kama sahani. Mama Falonne alikuwa akinyunyizia mbao maji kabla ya kufagia, kama alivyonyunyizia sakafu ya udongo maisha yake yote ili vumbi lisiruke.

"Umuambie aache, basi," nilisema.

"Nimuambie nini? Mutu mwenye anafagia, iko anataka kubaki."

Séraphine akamlaza mama yake chumba cha watoto na kutoa vitu vyake vyote. Chumba cha mbao kikawa mahali pa kazi tu, Lwamba akaingia. Alifungua mbao, akaacha chini pakauke vizuri, akaranda zilizovimba. Karibu na mlango hakuzirudisha. Alijenga ukingo wa matofali, akajaza udongo wa kichuguu, akaushindilia mpaka ukalingana na mbao.

Mama Falonne aliporudishwa chumbani, alisimama mlangoni na bakuli lake la maji. Lwamba alikuwa nami uani, ametupa macho chini.

"Mama, maji ni ya hapa ku udongo," Séraphine alisema. "Mbao zinataka ufagio tu."

Mama akanyunyiza. Harufu ya udongo uliolowa ikatufikia pale uani, na moyo wangu ukalainika. Akafagia polepole, kisha akamwita binti yake.

"Ule mutu wa pikipiki, umuambie asikuje."

Lwamba aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao. Siku hiyo hakuniuliza kama nimeiona kazi yake.